Johan Vaaler: Mtaalamu wa hataza aliyesifiwa kwa klipu ya mtu mwingine

UKIINYOOSHA klipu ya kubania karatasi, unabaki na kipande cha waya wa chuma chenye urefu wa sentimeta 10 hivi, chembamba, ambacho hakifai hata kufungia mlango wa banda la kuku. Kikiwa kimekunjwa vizuri, kipande hicho hicho hushika stakabadhi za mauzo ya msimu mzima, hati za madai ya kikundi cha wakulima, au risiti za duka ambazo mkaguzi atazidai mwisho wa mwaka. Hakitoboi karatasi na hakiichani, na ukimaliza unakitoa na kukitumia tena.

Kwa miaka mingi vitabu vya rejea vya nchi mbalimbali vimeandika kwamba kitu hicho kilivumbuliwa na Johan Vaaler, raia wa Norway. Habari hiyo si sahihi. Klipu iliyopo mezani kwa karani leo si yake, na aliyoibuni yeye haikuwahi kuuzwa dukani. Hata hivyo Vaaler hakuwa tapeli wala hakuiba wazo la mtu. Alikuwa mtu aliyeijua sheria ya uvumbuzi kuliko wengi wa wakati wake, akafuata taratibu zote, akapata karatasi zenye mihuri ya mataifa mawili makubwa, na mwisho hakupata soko.

Vaaler alizaliwa tarehe 15 Machi 1866 huko Aurskog, sehemu ya mashamba na misitu mashariki ya mji mkuu wa Norway. Wakati huo mji huo uliitwa Kristiania. Jina la Oslo lilirudishwa mwaka 1925. Norway yenyewe ilikuwa bado chini ya mfalme mmoja na Sweden, na iliendelea hivyo hadi mwaka 1905. Kijana huyo alipenda hesabu na sayansi, akasoma masomo hayo. Waliomfahamu walimtambua mapema kuwa mtu mwenye akili ya kubuni vitu.

Mwaka 1892 akaajiriwa katika ofisi ya Alfred J. Bryn mjini Kristiania. Hii haikuwa ofisi ya serikali bali ya wakala binafsi wa hataza. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda maalumu mtu mwingine yeyote asitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa. Mwenye hataza anaweza kukitengeneza mwenyewe, kukikodisha, au kuiuza haki yote. Norway ilikuwa na sheria yake ya hataza tangu mwaka 1885, na viwanda vilipoanza kuongezeka, mawakala wa aina ya Bryn wakapata kazi nyingi.

Kazi ya ofisi kama hiyo ilikuwa kumpokea mtu aliyekuja na wazo lake, pengine fundi wa chuma au mwenye kiwanda kidogo, na kuligeuza wazo hilo kuwa maelezo na michoro inayokubalika kisheria. Si kazi rahisi. Maelezo yakiwa mapana mno ombi hukataliwa, kwa kuwa yanagusa mambo ambayo tayari yanajulikana. Yakiwa membamba mno, mshindani hubadilisha kona moja tu na kuuza kitu kile kile bila kuvunja sheria. Vaaler aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hadi akafikia kuwa meneja wa ofisi. Alipobuni kitu chake mwenyewe, hakuhitaji mtu wa kumfundisha pa kuanzia.

Katika ofisi za miaka hiyo karatasi zilikuwa zinaongezeka kwa kasi. Mashine za kuandikia zilikuwa zimeingia, reli na bima zilidai hati, na biashara ya nchi kwa nchi iliendeshwa kwa barua. Njia ya kawaida ya kuzishika karatasi pamoja ilikuwa pini iliyonyooka, ile ya mafundi wa nguo. Pini ilitoboa karatasi, ilichoma vidole, na ikikaa muda mrefu ilipata kutu na kuacha doa. Mkazi wa Tanga au Mombasa anayejua hewa ya bahari inavyokula chuma hahitaji maelezo zaidi.

Dawa ya matatizo hayo ilikuwa waya wenye uwezo wa kurudi. Waya wa feleji, ukikunjwa kidogo, hurudi ulivyokuwa mara unapouachia. Ukikunjwa kupita kiasi hubaki umepinda. Klipu hufanya kazi kwenye nafasi iliyopo kati ya hali hizo mbili. Unapopenyeza karatasi, mikunjo miwili inasukumwa kuachana, na kwa kuwa inataka kurudiana, inazibana. Ndiyo maana klipu iliyobeba karatasi nyingi mno hulegea na haifai tena. Chuma cha namna hiyo kilipatikana kwa wingi na kwa bei nafuu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla ya hapo wazo la klipu lisingekuwa na maana, kwani waya wenyewe ungekuwa ghali kuliko karatasi.

Novemba 1899 Vaaler aliomba hataza nchini Ujerumani. Januari 1901 akaomba Marekani, na Juni mwaka huo huo Marekani ikampa. Maelezo yake yalihusu kipande cha waya wenye kurudi, kilichokunjwa kuwa na umbo la mstatili, pembetatu au umbo jingine, ncha zake mbili zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu na kuelekea pande zinazopingana, mfano wa ndimi. Alikuwa na michoro kadhaa ya maumbo hayo.

Kasoro ilikuwa kwamba umbo la Vaaler halikuwa na mkunjo wa mwisho wa ndani, ule unaoifanya klipu ya leo kuwa kama njia mbili zilizo moja ndani ya nyingine. Mkunjo huo ndio unaofungua mdomo na kuiruhusu karatasi kuteleza yenyewe kwa kusukumwa kidogo. Klipu ya Vaaler ilishika, lakini kuipachika kulihitaji vidole viisumbue kwanza. Kwa mtu anayebana barua moja kwa siku hilo si tatizo. Karani mwenye hati 200 mbele yake huona tofauti kabla ya saa sita mchana.

Klipu yenye mkunjo huo ilikuwepo tayari. Iliitwa Gem, ilitokea Uingereza, na ilikuwa ikiuzwa miaka kadhaa kabla Vaaler hajachukua kalamu. Hakuna hataza ya umbo hilo iliyowahi kutolewa kwa mtu yeyote, na ndiyo maana hakuna jina la mvumbuzi linaloweza kutajwa kwa uhakika. Waya wa kubana karatasi wenyewe ni wa zamani zaidi. Nchini Marekani, Samuel B. Fay alipata hataza mwaka 1867 kwa waya wa kushikiza tiketi kwenye nguo, unaoweza pia kushika karatasi, na Erlman J. Wright akapata yake mwaka 1877. Kufikia mwisho wa karne hiyo soko lilikuwa na klipu za kila namna, kila moja na jina lake: Niagara, Eureka, Owl na nyingine nyingi. Ofisi za hataza ziliweza kuendelea kutoa hati kwa sababu hati hiyo haitolewi kwa wazo la jumla la kubana karatasi kwa waya. Hutolewa kwa umbo maalumu lililoelezwa. Kwa hiyo Vaaler kupata hataza hakukuwa na maana kwamba yeye ndiye wa kwanza, wala kwamba klipu yake ndiyo bora.

Mwezi ule ule wa Novemba 1899 ambapo Vaaler alipeleka ombi lake Ujerumani, fundi mmoja wa mji wa Waterbury, jimbo la Connecticut, Marekani, alipewa hataza ya kitu tofauti. Huyo ni William Middlebrook. Hakudai kuwa amebuni klipu. Alichobuni ni mashine ya kutengeneza klipu: inavuta waya kutoka kwenye roli, inaukata, inaukunja kuuzunguka mihimili midogo, inaitupa klipu iliyokamilika na kuanza nyingine. Katika michoro ya mashine yake inaonekana wazi klipu inayotoka, nayo ni ya umbo la Gem. Umbo lile halikuwa na mwenyewe, hivyo mtu yeyote aliruhusiwa kulitengeneza. Mwenye mashine ndiye aliyeweza kulitengeneza kwa wingi na kwa bei ya chini.

Kampuni ya Cushman & Denison ya New York iliichukua haki ya mashine ya Middlebrook, na mwaka 1904 ikasajili jina la Gem kama alama yake ya biashara, ikieleza kuwa imelitumia tangu mwaka 1892. Mfanyabiashara aangalie vizuri hapa. Umbo lilikuwa la wote, lakini mashine ilikuwa na mwenyewe na jina nalo likapata mwenyewe. Hata leo hataza ya nchi moja haimlindi mtu katika nchi nyingine, na aliyesajili kitu Dar es Salaam hawezi kumzuia mtu wa Nairobi au Kampala kwa hati hiyo peke yake. Vaaler alilijua hilo fika, ndiyo sababu alikwenda Ujerumani na Marekani, masoko mawili makubwa. Alikuwa na karatasi sahihi katika nchi sahihi, kwa bidhaa ambayo wanunuzi walikuwa wameshapata iliyo bora kuliko hiyo.

Vaaler hakufungua kiwanda. Hakupatikana mwenye kiwanda aliyeichukua klipu yake, na hataza zake hazikumletea biashara yoyote. Hati ya Ujerumani ilikuwa ya kulipiwa ada mwaka hadi mwaka, na haki isiyoingiza kitu ni mzigo tu, kama vile shamba la kukodi lisilolimwa. Hati ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka 17, ambao ungefika mwaka 1918. Yeye hakufika huko. Alifariki dunia Kristiania tarehe 14 Machi 1910, siku moja kabla ya kutimiza miaka 44, akiwa anajulikana kama mtu wa ofisi ya hataza na si kama baba wa klipu.

Umaarufu ulimfuata kaburini. Katika miaka ya 1920 mhandisi wa ofisi ya hataza ya taifa ya Norway alikwenda Ujerumani kusajili hataza za Norway. Katika kupekua akakuta hati ya mwaka 1899 yenye jina la Mnorway mwenzake, na akaandika kuwa huyo ndiye mvumbuzi wa klipu ya karatasi. Mwandishi huyo hakulinganisha mchoro wa hati na klipu iliyokuwa mezani kwake. Angelinganisha angeona mara moja kwamba mkunjo mmoja haupo. Habari hiyo ikapenya polepole katika maandishi ya nchini humo, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaingia katika vitabu vikubwa vya rejea.

Vita yenyewe ndiyo iliyoitia habari hiyo nguvu. Ujerumani iliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940 na kuikalia hadi Mei 1945. Mfalme Haakon wa Saba alikimbilia Uingereza, na wananchi wakawa wanavaa beji na vifungo vyenye herufi za jina lake kuonyesha kuwa hawajamsahau. Watawala wakazikataza. Ndipo watu, wanafunzi wa chuo kikuu cha Oslo wakiwa mstari wa mbele, wakaanza kuvaa klipu ya karatasi kwenye ukosi wa koti. Kwa lugha yao klipu huitwa binders, jina linalotokana na kufunga pamoja, na ujumbe ulikuwa wazi: tumeshikamana. Kitu chenyewe kilikuwa cha bei ndogo, kila ofisi ilikuwa nacho, na askari aliyekiona hakuweza kujua mara moja kama ni upinzani au ni usahaulifu wa karani. Ilipogundulika, klipu nazo zikapigwa marufuku, na aliyekutwa nayo aliweza kuadhibiwa. Waliozivaa katika miaka hiyo hawakuzivaa kwa kuamini kuwa ni uvumbuzi wa Mnorway. Imani hiyo ilikuwa bado haijaenea. Vita ilipokwisha na hadithi ya Vaaler kusambaa, mambo hayo mawili yakaungana, na klipu ikawa fahari ya taifa.

Mwaka 1989, karibu miaka 80 baada ya kifo chake, klipu kubwa yenye urefu wa karibu mita 7 ilisimamishwa kwa heshima ya Vaaler huko Sandvika, jirani na Oslo, katika chuo cha biashara. Umbo lililotumika ni la Gem, lililobadilishwa kidogo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, posta ya Norway ikatoa stempu ya kumkumbuka. Katika usuli wa picha ya stempu hiyo, kwa rangi hafifu, kumechapwa hati yake ya hataza ya Ujerumani. Mbele yake imechorwa klipu ya Kiingereza yenye mikunjo yote.