Dk. Donnall Thomas, bwana aliyefungua njia ya kupandikiza uboho

Kila nikisikia mtoto wa jamaa zetu ana thalasemia au selimundu, na ndugu wote wanaitwa kupimwa damu, namkumbuka daktari mmoja ambaye wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Edward Donnall Thomas alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Mart, Texas, Marekani. Baba yake pia alikuwa daktari. Chuoni akakutana na Dottie, wakaoana 1942. Bibi huyo alikuwa anasomea uandishi wa habari, akauacha, akajifunza kazi za maabara ili wafanye kazi pamoja. Na kweli walifanya pamoja maisha yao yote.

Mwaka 1957 Thomas alitoa habari za wagonjwa 6 aliowatia uboho wa watu wengine. Wote walifariki, hapana aliyevuka siku 100. Uboho ndio kiwanda cha damu, na askari wa mwili wanatoka humo humo. Usipolingana na mgonjwa, askari hao wageni wanamshambulia mwenyewe. Madaktari wengi wakaiacha kazi hiyo, wakaona haiwezekani. Yeye akaendelea kufanya majaribio kwa mbwa, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikajulikana namna ya kulinganisha.

Mwaka 1963 alihamia Seattle, na mwisho wa miaka ya 60 akarudi kwa binadamu, safari hii akitumia uboho wa ndugu wanaolingana. Mwaka 1977 wakatoa hesabu ya wagonjwa 100 wa saratani ya damu ambao dawa zilishawashinda: 13 walikuwa hai, ugonjwa haupo. Mtu atasema ni wachache, lakini wote 100 walikuwa wa kufa. Mwaka 1982 wakatangaza mtoto wa thalasemia aliyetibiwa kwa njia hiyo hiyo. Nobel akaipata 1990, pamoja na Joseph Murray wa figo. Alifariki 2012, ana miaka 92.

Siku hizi mambo yamesonga mbele. Seli shina mara nyingi zinachukuliwa kwenye damu ya mkononi, si lazima mfupani, na hata mzazi anayelingana nusu anaweza kutoa. Tangu 2017 kuna tiba ya CAR-T kwa baadhi ya saratani za damu: askari wa mgonjwa mwenyewe wanatolewa, wanafunzwa maabara kuitambua saratani, kisha wanarudishwa mwilini. Ni ghali mno, na haijaondoa haja ya kupandikiza.

Kwetu sisi wenye familia kubwa, ninalosisitiza ni hili. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Mkiitwa kupimwa, nendeni. Uboho unaotolewa mwili unaurudisha baada ya wiki chache tu, na huenda ndio uhai wa ndugu yako.