Joginder Singh: fundi aliyeshinda Safari kwa gari kuukuu

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Gitting, wilayani Hanang, anajua kuwa barabara ya tope haiulizi bei ya gari. Jambo hilo lilithibitishwa na marehemu Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kufariki dunia jijini London Oktoba 2013.

Singh, aliyekuwa fundi magari, alishiriki mbio za Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alizishinda kwa Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa la timu ya kiwanda, likapata ajali katika Safari ya 1964, kisha ndugu hao wakalitengeneza upya. Umbo lake lilitokana na PV444, gari la familia lililooneshwa kwanza mwaka 1944.

Gari la mbio hupunguzwa uzito ili lipate kasi. Gari la kila siku hujengwa libebe mizigo na kuhimili mashimo. Katika Safari, iliyoanza mwaka 1953 ikipita barabara za udongo za Afrika Mashariki, uimara ulishinda kasi tupu.

Mwaka 1974 Singh alishinda tena, kwa Mitsubishi Lancer, akimwacha nafasi ya pili Björn Waldegård aliyeendesha Porsche 911. Alirudia ushindi mwaka 1976. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19, kwani fundi huyo alijua kulitunza gari hadi mwisho wa safari.