Daudi Kabaka: Mluhya aliyewachezesha Waingereza twisti

MWAKA wa 1968 vijana wa Uingereza walikuwa wakicheza wimbo ambao wengi wao hawakujua ulitoka wapi. Kiitikio chake kilikuwa chepesi mdomoni, chenye mzaha na kisichohitaji mkalimani. Kundi la The Tremeloes ndilo lililourekodi, na ukapanda hadi nambari 14 katika chati ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo.

Wimbo huo uliitwa Helule Helule. Asili yake haikuwa London wala New York, bali Nairobi, katika sauti na gitaa la Mluhya mmoja aitwaye Daudi Kabaka.

Ni fahari ambayo wanamuziki wachache sana wa Afrika Mashariki wa kizazi chake waliipata. Hata hivyo, leo hii jina la Kabaka limebakia zaidi katika vipindi vya zilizopendwa na katika kumbukumbu za wazee waliocheza twisti ujanani.

Kwa wakazi wa Busia na Malaba upande wa Kenya, maisha ya gwiji huyu yana maana ya pekee. Kabaka hakuzaliwa hapa, lakini maisha yake yanafanana na ya mpaka huu: mguu mmoja Kenya, mwingine Uganda.

Alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kyambogo, Kampala, na wazazi waliokuwa na asili ya Vihiga, Magharibi mwa Kenya. Katika zama hizo Waluhya wengi walikwenda Uganda kutafuta ajira. Reli iliyotoka Nakuru ilikuwa imekwishafika Kampala tangu 1931 kupitia Malaba na Tororo, na barabara ya Busia ilikuwa njia ya kila siku ya wasafiri na wachuuzi.

Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa wakoloni. Kabla ya 1902, eneo lote la Magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Hata baada ya mstari kuchorwa, Wasamia na Wateso waliendelea kuishi pande zote mbili, wakioana na kuzikana kana kwamba haukuwepo.

Jina lake nalo lina harufu ya Uganda. Kabaka ni cheo cha mfalme wa Buganda, na mfalme aliyekuwa akitawala alipozaliwa mtoto huyo ni Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka huohuo wa 1939. Hivyo Mluhya huyu alipanda jukwaani Nairobi akiwa na jina ambalo kila Mganda angelitambua mara moja.

Nyota yake iling'aa katika miaka ya sitini alipokuwa na studio ya Equator Sound jijini Nairobi, iliyoendeshwa na Mzungu Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, na ndani yake walikutana vijana wenye vipaji kutoka pembe nyingi. Alikuwemo Fadhili William, anayekumbukwa kwa kuirekodi Malaika. Walikuwemo pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliotoka Zambia.

Mchanganyiko huo ndio uliozaa ladha mpya. Wazambia walikuja na mahadhi ya kwela kutoka kusini mwa bara. Wanamuziki wa Magharibi mwa Kenya walikuja na ufundi wa kudonoa nyuzi za gitaa kwa vidole. Kutoka Marekani lilikuwa limefika wimbi la twisti, lililovumishwa na Chubby Checker kuanzia mwaka wa 1960.

Kabaka hakuiga twisti hiyo jinsi ilivyokuja. Aliipunguzia kelele, akaiwekea gitaa jepesi linalorukaruka, na akaimba kwa utulivu huku sauti ya pili ikimfuata kwa karibu. Mwenzake John Nzenze, naye kutoka Magharibi, alikuwa akienda njia hiyohiyo. Lakini ni Kabaka aliyevishwa taji la mfalme wa twisti nchini Kenya.

Aidha, alijua kuchekesha bila kutukana. Nyimbo zake nyingi zilikuwa visa vifupi vya mahaba, ndoa na vituko vya mjini. Katika Msichana wa Elimu aligusa suala lililozua mjadala katika nyumba nyingi wakati huo: mwanamume afanye nini anapompenda mwanamke aliyesoma? Watu walicheka, wakacheza, kisha wakaenda nyumbani wakibishana.

Helule Helule ulikuwa wa mkondo huo wa utani na densi. Nguvu yake ilikuwa katika kiitikio, kwani hata asiyejua lugha yoyote ya Afrika angeweza kukidaka baada ya kukisikia mara moja. Hilo ndilo lililoufanya uweze kusafiri mbali.

The Tremeloes, waliotoka Dagenham karibu na London, hawakuwa wageni katika biashara hii. Ndio waliochaguliwa na kampuni ya Decca mwaka wa 1962 wakati The Beatles walipokataliwa. Mwaka wa 1967 walifika nambari moja Uingereza kwa wimbo Silence Is Golden, uliokuwa umeimbwa kwanza na kundi la Marekani la The Four Seasons. Mapema mwaka wa 1968 walitamba tena kwa wimbo uliotoka Italia. Walikuwa na sikio la kutambua kibao kizuri kilichoimbwa na wengine, na safari hii sikio hilo lilielekea Nairobi.

Wahenga husema chema chajiuza. Hata hivyo, katika biashara ya santuri, chema kinapojiuza swali kubwa ni nani anayepokea pesa.

Hapo ndipo hatima ya watunzi wengi wa Kiafrika wa enzi hizo ilipoamuliwa. Mtunzi hulipwa mirabaha wimbo wake unapouzwa au kuchezwa redioni, lakini kwanza sharti jina lake liandikwe kama mtunzi, mkataba wake uwe wazi, na kiwepo chombo cha kumkusanyia. Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka wa 1966. Chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kilianzishwa mwaka wa 1983, miaka 15 baada ya Helule Helule kutikisa Uingereza.

Afrika Kusini ilikuwa imekwishatoa funzo chungu. Solomon Linda, mtunzi wa Mbube, wimbo uliozaa The Lion Sleeps Tonight, alifariki maskini mwaka wa 1962 ilhali wimbo wake ukiingiza mamilioni ng'ambo. Familia yake ilipata suluhu ya kisheria mwaka wa 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

Kabaka hakukaa Equator maisha yake yote. Mwanzoni mwa miaka ya sabini aliondoka, na pamoja na Pichen na Tsotsi akajitosa katika African Eagles, kundi la wanamuziki waliotaka kujisimamia wenyewe. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, kwa kuwa mwanamuziki aliyeacha studio kubwa aliacha pia mitambo yake, wasambazaji wake na mlango wake wa kuingilia redioni.

Wakati huo huo ladha ya wasikilizaji ilikuwa ikigeuka. Benga ilikuwa ikipanda kwa kasi, na bendi za Kikongo zilikuwa zikivuka kupitia Uganda na Tanzania na kuteka kumbi za Nairobi. Twisti ikaanza kuonekana kuwa muziki wa jana.

Hata hivyo, sauti yake haikunyamaza. Wimbo wake Harambee Harambee, uliojengwa juu ya mwito wa Mzee Jomo Kenyatta wa kuvuta pamoja baada ya uhuru, ulitumiwa na redio ya taifa kufungulia kipindi cha maoni baada ya habari. Kwa miaka mingi Wakenya walimsikia mtunzi huyu bila kutajiwa jina lake.

Daudi Kabaka alifariki mwaka wa 2001. Ulikuwa mwaka wa majonzi kwa muziki wa Kenya, kwani Fadhili William naye aliaga dunia mwaka huohuo. Nguzo mbili za Equator zilianguka katika mwaka mmoja.

Kifo cha mtunzi, hata hivyo, si mwisho wa haki yake. Kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya muziki hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Hii ina maana kwamba tungo za Kabaka zina ulinzi hadi mwisho wa 2051. Kila zinapochezwa redioni, katika baa au katika matangazo ya biashara, kuna jasho la mtu linalodai malipo.

Pale Busia, katika kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi mwaka wa 2018, kila lori husimama, karatasi zake hukaguliwa na mzigo wake hujulikana ni wa nani. Gunia la mahindi haliwezi kuvuka bila mwenyewe kutajwa.

Wimbo huvuka kwa mluzi wa dereva na kwa redio ya kinyozi, na hakuna afisa anayeuliza mwenyewe ni nani. Ndivyo Helule Helule ulivyofika Uingereza. Taifa la mtunzi wake bado lina wajibu wa kuhakikisha kwamba, popote wimbo huo utakapopigwa, jina la Daudi Kabaka litaandamana nao.