Maisha ya Quetelet, Aliyehesabu Nyota na Makosa ya Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekijaalia kila kitu kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, watoto wetu wanaosoma katika skuli na vyuo vya Ghuba na vya Ulaya hukutana na kauli moja inayowatia wengi wao shaka. Huambiwa kwamba idadi ya makosa ya watu hujulikana kabla hayajatendwa, na kwa hiyo mkosaji hana lawama, kwani jamii ndiyo iliyomkosesha. Kauli hiyo hunasibishwa na mtu mmoja aliyeishi Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, katika karne ya 19. Hakuwa wa dini yetu, lakini uadilifu haubagui dini ya mtu. Basi tuyatazame maisha yake, ili tujue aliyoyasema na yale aliyosingiziwa.

Lambert Adolphe Jacques Quetelet alizaliwa katika mji wa Ghent tarehe 22 Februari 1796, nao ni mwaka 1210 wa Hijra. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba, na alipofika miaka 17 alikuwa keshaanza kusomesha ili apate riziki. Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari katika hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Ghent, ambacho kilikuwa kimefunguliwa miaka miwili tu kabla yake. Mwaka huo huo akahamia Brussels kusomesha hisabati, na mji huo ukawa maskani yake hadi kufa kwake.

Siku hizo nchi ile ilikuwa chini ya mfalme wa Uholanzi, na Brussels haikuwa na kituo cha kuangalia nyota. Quetelet alitaka kijengwe, na mwishoni mwa mwaka 1823 akaenda Paris kujifunza elimu ya falaki. Huko alijifunza jambo lililoongoza fikra zake zote baadaye. Mwanafalaki akipima mahali pa nyota mara mia, vipimo vyake havilingani: kimoja huzidi, kingine hupungua. Lakini vikikusanywa vyote, makosa huondoana, na kilicho sahihi hudhihiri katikati. Basi kipimo kimoja hakitabiriki, ilhali vipimo vingi vina kanuni.

Aliporejea aliwekwa kuwa mkuu wa kituo hicho mwaka 1828. Mwaka 1830 watu wa Ubelgiji waliasi utawala wa Uholanzi, na ujenzi ukacheleweshwa. Hata hivyo Quetelet hakuacha kuangalia na kuandika. Aliandika joto la kila siku, vimondo vya mwezi wa Agosti, na siku ambazo miti huchanua. Akaona kwamba ua halichanui kwa bahati nasibu, bali hufuata joto linalojikusanya siku baada ya siku tangu baridi kali ilipokwisha. Nidhamu hiyo aliihesabu kuwa ni dalili ya hekima ya Muumba, na hilo ni jambo ambalo muumini halioni geni.

Kisha akajiuliza: ikiwa nyota ina mwendo wake na ua lina wakati wake, je, matendo ya wanaadamu nayo yana kanuni? Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeanza kuchapisha hesabu za mahakama zake za jinai, naye akazisoma. Mwaka 1826 walishitakiwa watu 6,988. Mwaka 1827 watu 6,929. Mwaka 1828 watu 7,396. Na mwaka 1829 watu 7,373. Katika kila watu mia walioshitakiwa, 61 au 62 walipatikana na hatia, mwaka baada ya mwaka. Akaona pia kwamba mwelekeo wa kutenda jinai huwa na nguvu zaidi karibu na umri wa miaka 25, na kwamba hata njia za kuua hujirudia kwa kadiri zinazokaribiana. Mwaka 1835 alichapisha matokeo hayo katika kitabu chake juu ya mwanaadamu, na humo akasema kwamba jamii hubeba ndani yake mbegu za makosa yatakayotendwa, na mkosaji ni mkono tu unaoyatekeleza.

Hapo kelele zikapanda. Wapinzani walimshutumu kwamba amemvua mja khiari yake na kumfanya kama jiwe linaloporomoka mlimani. Msomaji wetu atatambua kwamba mzozo huu si mpya. Jabriyya walidai zamani kwamba mja hana tendo wala khiari, na wanavyuoni wetu wakawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa matendo, na mja ndiye anayeyachuma kwa khiari yake, na kwa uchumo huo huulizwa.

Je, Quetelet alikuwa akisema wasemayo Jabriyya? La. Alieleza, na akarudia kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1848, kwamba kanuni yake ni ya watu wengi, na hakuna awezaye kuisoma hali ya mtu mmoja kutokana nayo. Khiari ipo, ila khiari za maelfu ya watu huondoana katika hesabu, kama yanavyoondoana makosa ya vipimo vya nyota. Fauka ya hayo, alishikilia kwamba sababu zikibadilishwa, idadi nayo itabadilika, na kwa hiyo watawala wana wajibu wa kurekebisha sheria na malezi. Tena alionyesha kwamba ufukara peke yake sio unaozaa jinai, kwani baadhi ya sehemu masikini za Ufaransa zilikuwa na makosa machache. Kinachodhuru zaidi, kwa maoni yake, ni mtu kuanguka ghafla kutoka katika neema hadi dhiki, na tofauti kubwa baina ya watu wanaoishi pamoja. Na kujua kusoma tu, bila ya malezi ya tabia, hakumzuii mtu na uovu.

Kadhi anayekaa kuhukumu huletewa mtu mmoja, wala haletewi jedwali. Ikiwa 61 katika mia watapatikana na hatia, jedwali halimwambii kama huyu aliye mbele yake ni katika hao 61 au katika wale 39. Hilo hujulikana kwa ushahidi na kukiri tu. Akihukumu kwa jedwali amedhulumu, na akimwachia mwenye hatia kwa ajili ya jedwali amedhulumu vile vile. Lakini nje ya mahakama jedwali lina haki yake, nayo ni kutuuliza sisi, wazazi na majirani na wenye mali, tumetayarisha nini katika nyumba na mitaa yetu. Lawama ya jamii haifuti ya mkosaji, wala ya mkosaji haifuti ya jamii.

Pale Quetelet alipoteleza ni pengine. Alimchukua mtu wa wastani, anayepatikana kwa kujumlisha watu wote na kuwagawa, akamfanya kuwa kigezo cha uzuri na wema. Mfaransa Cournot alimjibu mwaka 1843 kwa mfano wa hisabati: ukichukua wastani wa pande za pembetatu nyingi zenye pembemraba, utakachopata si lazima kiwe pembetatu ya aina hiyo. Neno letu wastani limetoka katika Kiarabu, lakini ukati na kati uliosifiwa katika dini ni uadilifu, nao haupatikani kwa kuhesabu wanavyofanya watu. Mji ambao wengi wao wanasema uongo, uongo ndio wastani wake, na haujawa halali.

Quetelet aliendelea na kazi bila kuchoka. Alikuwa katibu wa kudumu wa Chuo cha Kifalme cha Elimu kuanzia mwaka 1834, akashughulikia sensa ya Ubelgiji ya mwaka 1846, na mwaka 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu ukafanyika Brussels kwa juhudi zake. Mwaka 1855 alipatwa na kiharusi, lakini hakuiacha kalamu. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874. Kipimo ambacho madaktari hututumilia leo, cha kugawa uzito kwa mraba wa urefu, asili yake ni yeye, naye alikikusudia kwa kuelezea watu wengi na si kumpima mgonjwa mmoja.

Kuna jambo moja majedwali yake hayakuweza kulishika. Yeye mwenyewe alijua kwamba yanaandika makosa yaliyofika mahakamani tu, akakadiria kwamba yaliyofichikana yanaenda sambamba nayo. Miaka miwili baada ya kufa kwake, Septemba 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliitisha katika kasri lake hapo hapo Brussels mkutano juu ya Afrika ya Kati. Kutokana na mwanzo huo Kongo ikawa milki yake toka mwaka 1885 hadi 1908, na watu wakauawa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mfalme hakupandishwa kizimbani. Na haki yatutaka tuongeze kwamba wafanya biashara wa pwani na wa Oman waliowafunga minyororo watu wa Manyema nao aghalabu hawakuandikwa katika daftari la mahakama yoyote. Makosa makubwa kabisa ya zama zile hayakuhesabiwa na mtu.

Basi wafundisheni vijana wenu, enyi wazazi, hisabati hii wala wasiiogope. Kuna hesabu ya wengi, na hiyo inatufaa katika kutengeneza dunia yetu. Na kuna hesabu ya mmoja mmoja, ambayo haina wastani, na haiachi dogo wala kubwa. Kwa hiyo ya pili ndiyo tutakayosimamishwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.