James Bowerbank, mfanyabiashara aliyezipa sifongo majina

James Scott Bowerbank alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1797. Yeye na ndugu yake walirithi kiwanda cha baba yao cha pombe kali. Riziki yake aliipata kwenye biashara, na muda wa ziada aliutumia kwenye hadubini.

Enzi hizo sifongo za baharini ziliwasumbua wataalamu. Robert Grant wa Scotland alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ni wanyama wanaochuja maji, lakini kutofautisha aina moja na nyingine kulibaki kazi ngumu. Aina ileile huweza kubadilika umbo kulingana na mkondo wa maji, na rangi hupotea ikishakauka. Kuzipanga kwa sura ni sawa na kupima ubora wa kahawa kwa kutazama gunia.

Bowerbank alitazama ndani ya gunia. Katika mwili wa sifongo nyingi mna vijiti vidogo sana vya madini, mara nyingi vigumu kama kioo. Vingine ni kama sindano, vingine nanga, vingine nyota. Nyama ikiyeyushwa kwa asidi, vijiti hubaki, navyo hupimwa kwa hadubini. Alivipa majina, akavifanya msingi wa kutambua spishi.

Mwaka 1842 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1864 alianza kutoa vitabu vyake kuhusu sifongo za Uingereza. Alifariki mwaka 1877, na juzuu ya nne ikatoka mwaka 1882.

Waliomfuata walipangua makundi yake mengi, na baadhi ya spishi alizodhani ni mpya ziliunganishwa na za zamani. Hata hivyo, vijiti vinapimwa hadi leo. Geodia barretti, aliyoieleza mwaka 1858, na Mycale lingua, ya mwaka 1866, hupatikana kwenye matumbawe ya maji baridi ya Norway, mamia ya mita chini ya bahari.

Matumbawe hayo huvunjwa na nyavu nzito zinazokokotwa sakafuni. Mwaka 1999 Norway ilipiga marufuku nyavu hizo kwenye mwamba wa Sula. Lakini ili kujua ni nini kimeangamia na nini kimesalimika, lazima kila kiumbe kiwe na jina. Wafanyabiashara wanalijua hilo: shehena ikipotea bila orodha, hakuna awezaye kuidai.