Isaac Parker

Isaac Charles Parker (15 Oktoba 1838 – 17 Novemba 1896) alikuwa mwanasiasa na jaji nchini Marekani. Anajulikana zaidi kwa jina la "Jaji Mnyongaji", kutokana na idadi kubwa ya watu aliowahukumu kifo.

Maisha

Alizaliwa katika jimbo la Ohio. Alisomea sheria, akawa wakili mwaka 1859, kisha akahamia St. Joseph, Missouri. Mwaka 1861 alimwoa Mary O'Toole. Kuanzia 1871 hadi 1875 alikuwa mbunge wa jimbo la Missouri.

Mahakama ya Fort Smith

Mwaka 1875 Rais Ulysses S. Grant alimteua kuwa jaji huko Fort Smith, Arkansas. Mahakama hiyo ilisimamia pia Eneo la Waindio, ambalo leo ni sehemu ya Oklahoma. Mahakama za makabila ya huko hazikuruhusiwa kumshtaki mtu asiye Mwindio, kwa hiyo wahalifu wengi walikimbilia huko. Askari wa mahakama waliotumwa kuwakamata, akiwemo Bass Reeves aliyezaliwa mtumwa, walifanya kazi ya hatari, na wengi wao waliuawa.

Adhabu ya kifo

Tarehe 3 Septemba 1875 watu sita walinyongwa kwa pamoja mbele ya umati wa maelfu ya watu. Kwa miaka 21 Parker alihukumu kifo watu 160. Walionyongwa ni 79. Wengine walipunguziwa adhabu, walisamehewa, walifia gerezani au walishinda rufaa.

Si Parker aliyewanyonga: kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na George Maledon, mzaliwa wa Ujerumani. Wala adhabu hiyo haikuwa hiari ya jaji, kwani sheria ya shirikisho iliagiza kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua au kubaka. Hata hivyo, hadi mwaka 1889 waliohukumiwa hawakuwa na haki ya kukata rufaa. Tumaini lao pekee lilikuwa rais. Rufaa ziliporuhusiwa, Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu zake nyingi.

Mwisho wa maisha

Tarehe 1 Septemba 1896 mahakama yake iliondolewa mamlaka juu ya Eneo la Waindio. Mwaka huohuo Parker, akiwa mgonjwa, alieleza kwamba angekubali adhabu ya kifo ifutwe, mradi wahalifu wawe na hakika ya kuadhibiwa. Alifariki miezi miwili na nusu baadaye, akazikwa Fort Smith. Chumba cha mahakama yake na mfano wa jukwaa la kunyongea vimehifadhiwa huko kama kumbukumbu ya taifa.