Georgi Asparuhov: Straika aliyemeza mateke ya mabeki

MNAMO Juni 28, 1971, mahasimu wa jadi wa soka ya Bulgaria, Levski na CSKA, walikutana jijini Sofia. Katika patashika hiyo, beki mmoja wa CSKA alimchezea rafu mshambuliaji wa Levski aliyevalia jezi nambari tisa. Mshambuliaji huyo, ambaye kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amezoea kuinuka, kujipangusa vumbi na kuendelea na mchezo, safari hii alishindwa kujizuia akamlipiza mwenzake. Refa aliwatoa wote wawili uwanjani.

Jina la mshambuliaji huyo lilikuwa Georgi Asparuhov, na Wabulgaria walimwita Gundi. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho dhidi ya CSKA, na alikuwa amebakisha siku mbili tu za kuishi.

Asparuhov alizaliwa Mei 4, 1943, jijini Sofia, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Alipofikia umri wa kwenda shule, nchi ilikuwa tayari mikononi mwa chama cha kikomunisti. Serikali ndiyo iliyomiliki viwanda, mashamba na hata vilabu vya kandanda. CSKA ilikuwa timu ya jeshi. Levski, ambayo ilipewa jina la Vasil Levski, mwanamapinduzi aliyenyongwa na watawala wa Kituruki mnamo 1873, ilikuwa timu iliyopendwa na umati mkubwa wa watu wa kawaida wa jiji hilo. Kijana Georgi alijiunga na Levski akiwa bado mdogo, na isipokuwa kipindi kimoja kifupi, hakuwahi kuihama.

Kipindi chenyewe kilitokana na sheria ya nchi. Kila kijana wa kiume alilazimika kulitumikia jeshi, na wanasoka hawakusamehewa. Kuanzia 1961 hadi 1963, Asparuhov alichezea Botev ya Plovdiv, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, huku akiwa mwanajeshi. Wengi waliopitia hali kama hiyo walipoteza miaka yao bora. Kwake yeye mambo yalikuwa kinyume. Mnamo 1962 Botev ilitwaa Kombe la taifa, na msimu uliofuata ikafika robo-fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya kabla ya kubanduliwa na Atletico Madrid ya Uhispania. Hadi leo mashabiki wa Plovdiv humhesabu kuwa wao pia, jambo ambalo wale wa Levski huliskia kwa shingo upande.

Mwaka huo wa 1962, akiwa na umri wa miaka 19, alijumuishwa katika kikosi cha Bulgaria kilichoshiriki fainali za Kombe la Dunia nchini Chile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa taifa hilo kufuzu. Walipigwa 1-0 na Argentina, wakanyukwa 6-1 na Hungary, kisha wakatoka sare tasa na Uingereza. Walirejea nyumbani na alama moja.

Kijana huyo alikuwa na sifa ambazo ni nadra kukutana katika mwili mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na aliruka juu kuliko mabeki wengi waliopangiwa kumkaba. Hata hivyo, hakuwa mnara wa kusubiri krosi tu. Aliweza kuushika mpira katikati ya uwanja na kukimbia nao, na miguu yake yote miwili ilikuwa na shabaha. Zaidi ya hayo, alikuwa mpole. Waliomwona wanakumbuka kwamba hakuwa na tabia ya kumzonga refa wala kujiangusha.

Upole huo ulikuwa na gharama yake, na hapa inafaa msomaji wa leo akumbushwe jinsi kandanda ilivyochezwa enzi hizo. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia mnamo 1970, na ni katika fainali hizo hizo ambapo timu ziliruhusiwa kwa mara ya kwanza kubadilisha wachezaji. Kabla ya hapo, beki aliyeagizwa kumzima straika hatari aliweza kumpiga mateke kutoka dakika ya kwanza, akaonywa kwa maneno tu. Aliyeumia alikuwa na hiari mbili: kuendelea kuchechemea au kuiacha timu yake ikicheza na watu kumi. Asparuhov alicheza karibu maisha yake yote chini ya utaratibu huo, na majeraha hayakumkauka miguuni.

Alirejea Levski mnamo 1963, na miaka iliyofuata ndiyo iliyomjengea jina. Mnamo 1965 klabu hiyo ilitawazwa mabingwa wa ligi, naye akateuliwa Mwanasoka Bora wa Mwaka nchini mwake. Ubingwa huo uliwapeleka katika Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya, ambako walikutana na Benfica ya Ureno, klabu iliyokuwa imelinyakua kombe hilo mara mbili, 1961 na 1962, na ambayo safu yake ya mbele iliongozwa na Eusebio, mzaliwa wa Msumbiji. Mechi ya Sofia iliisha 2-2. Kule Lisbon, Levski ilizimwa 3-2. Asparuhov alifunga nyumbani na pia ugenini, na kuanzia siku hiyo mawakala wa vilabu vikubwa vya magharibi walilijua jina lake.

Lakini kazi yake iliyokumbukwa zaidi mwaka huo ilifanyika jijini Florence, Italia, mnamo Desemba 29, 1965. Bulgaria na Ubelgiji zilikuwa zimetoshana kwa alama katika kundi lao la kufuzu kwa Kombe la Dunia. Bulgaria ilikuwa imeshinda 3-0 nyumbani, Ubelgiji nayo ikalipiza 5-0. Kama tofauti ya mabao ingehesabiwa, Wabelgiji wangefuzu. Kanuni za wakati huo, hata hivyo, zilidai mechi ya kuamua mshindi katika uwanja usio wa yeyote. Kabla ya dakika ya 20 kukamilika, Asparuhov alikuwa amefunga mabao mawili, moja likifuata jingine kwa muda wa dakika moja hivi. Ubelgiji ilipata moja tu. Bulgaria ikakata tiketi ya kwenda Uingereza.

Fainali hizo za 1966 hazikuwa na asali. Bulgaria ilipangwa katika kundi moja na Brazil, Ureno na Hungary, na ilipoteza mechi zote tatu. Mechi ya kwanza, iliyochezwa jijini Liverpool Julai 12, imebaki katika kumbukumbu kwa sababu mbaya. Beki wa Bulgaria, Dobromir Zhechev, alimwandama Pele kwa mateke kiasi kwamba nyota huyo, ingawa alifunga bao katika ushindi wa 2-0, hakuweza kucheza mechi iliyofuata. Ni ajabu kuwazia kwamba katika upande ule ule wa uwanja alikuwa mshambuliaji aliyeyajua maumivu hayo vizuri kuliko yeyote. Mateke ambayo Pele alipigwa na mwenzake ndiyo aliyopigwa yeye kila Jumapili katika ligi ya nyumbani.

Ureno ya Eusebio iliwachapa 3-0. Dhidi ya Hungary, Asparuhov alitikisa wavu mapema na kuipa nchi yake uongozi, lakini Wahungary walijibu kwa mabao matatu. Bao hilo lilikuwa la pekee ambalo Bulgaria ilifunga katika fainali hizo.

Msimu wa 1967-68, Levski ilipangwa kucheza na AC Milan katika Kombe la Washindi. Ilitoka sare ya 1-1 nyumbani na kulambishwa sakafu 5-1 ugenini. Milan ilihitimisha msimu huo kwa kulitwaa kombe lenyewe. Ni kuanzia hapo ambapo simulizi maarufu kuliko zote kumhusu Asparuhov ilienea: kwamba Milan walimtaka, wakamwahidi fedha ambazo hangeweza kuzipata Sofia hata angeishi mara tatu, naye akakataa kwa kuwa hakuwa tayari kuiacha nchi yake wala Levski.

Mashabiki huisimulia hadithi hiyo kwa fahari, na hakuna sababu ya kuwapokonya fahari yao. Hata hivyo, haki inadai isemwe kwamba mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Serikali ya Bulgaria haikuwaruhusu wanasoka wake walio katika kilele cha vipaji vyao kwenda kucheza katika nchi za kibepari. Ili kujiunga na Milan, Asparuhov angelazimika kutoroka, na aliyetoroka aliacha nyuma jamaa zake wakikabiliwa na ghadhabu ya dola, huku yeye mwenyewe akiwekewa marufuku ya kucheza. Wapo wanasoka wa Ulaya Mashariki waliothubutu. Yeye alibaki. Upendo kwa klabu ulikuwepo, hapana shaka, lakini ni vyema tukumbuke kwamba upendo huo haukuwahi kupewa nafasi ya kuchagua kwa uhuru.

Aliobaki nao ndio waliofaidi. Levski ilitwaa Kombe la taifa 1967, ligi 1968, kisha ligi na kombe kwa pamoja 1970. Mnamo Novemba 1968 iliwafunza CSKA adabu kwa kipigo cha 7-2, matokeo ambayo wafuasi wa pande hizo mbili hawajayasahau, kila upande kwa sababu zake.

Mwezi mmoja baadaye, Desemba 11, 1968, Bulgaria ilizuru uwanja wa Wembley kuchuana na Uingereza, mabingwa wa dunia. Asparuhov aliunyakua mpira karibu na katikati ya uwanja, akawapita mabeki waliojaribu kumfuata, na kuupachika wavuni. Wenyeji walisawazisha muda mfupi baadaye kupitia kwa Geoff Hurst na mechi ikaisha 1-1. Wapo Waingereza waliosimama kumpigia makofi mgeni. Kama lipo bao moja ambalo lingepaswa kuonyeshwa kwa kijana wa leo asiyelijua jina la Gundi, ni hilo.

Januari 1969, wakuu wa serikali waliamua kuviunganisha vilabu kadhaa. Levski ikaozwa kwa Spartak na kuitwa Levski-Spartak, chini ya wizara ya mambo ya ndani. Lokomotiv Sofia nayo iliunganishwa na Slavia. Mageuzi hayo yaliwaudhi mashabiki, lakini katika pilkapilka hizo mshambuliaji mmoja hodari wa Lokomotiv, Nikola Kotkov, alijikuta hatimaye upande wa Levski. Kotkov, aliyekuwa Mwanasoka Bora wa Mwaka 1964, alikuwa amemtangulia Asparuhov kwa umri. Wawili hao wakawa wachezaji wenza.

Asparuhov alikwenda katika Kombe la Dunia kwa mara ya tatu, nchini Mexico, mnamo 1970. Bulgaria ilitangulia kwa mabao mawili dhidi ya Peru lakini ikalazwa 3-2, ikacharazwa 5-2 na Ujerumani Magharibi, kisha ikatoka 1-1 na Morocco. Sare hiyo ndiyo iliyowapa Morocco alama yao ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Bulgaria kwa upande wake iliendelea kusubiri ushindi wake wa kwanza, na ilisubiri hadi 1994.

Kwa jumla aliichezea nchi yake mechi 50 na kuifungia mabao 19. Katika ligi, akiwa na Levski na Botev kwa pamoja, alicheza mechi 245 na kufunga mabao 150. Hizo ni takwimu za mtu aliyekuwa bado na miaka kadhaa ya kucheza.

Ndipo ikafika Juni 1971 na ile mechi ya CSKA. Mtu aliyevumilia mateke ya Ulaya nzima alilipiza mara moja, akafukuzwa uwanjani. Siku mbili baadaye, Juni 30, yeye na Kotkov waliondoka Sofia kwa gari aina ya Alfa Romeo kuelekea Vratsa, mji ulio kaskazini-magharibi mwa nchi, ambako klabu ya Botev Vratsa ilikuwa ikiadhimisha miaka 50 tangu kuanzishwa. Njia hiyo hupanda milima ya Balkan kupitia pito la Vitinya, mahali penye kona na miteremko. Huko ndiko gari lao lilikogongana na lori. Wote wawili walifariki. Asparuhov aliacha mjane na mtoto mdogo wa kiume.

Nchi iliingia katika kilio ambacho chama tawala hakikuwa kimekipanga. Katika Bulgaria ya wakati huo, umati ulikusanyika barabarani ulipoagizwa: siku za gwaride, siku za ziara za viongozi. Kwa mazishi ya Gundi na Kotkov hakuna aliyeagizwa. Watu walijaa katika mitaa ya Sofia, wengine wakisafiri kutoka miji ya mbali, na inakadiriwa kwamba idadi yao ilizidi nusu milioni. Waliokuwa wakimzomea kila msimu kwa sababu ya jezi yake ya buluu walipanga foleni pamoja na waliomshangilia.

Mnamo 1990, baada ya utawala wa kikomunisti kuporomoka, uwanja wa Levski ulibadilishwa jina na kuitwa Georgi Asparuhov. Miaka minne baadaye Hristo Stoichkov, mchezaji aliyeng'aa akiwa na CSKA kabla ya kwenda Barcelona, aliifikisha Bulgaria nusu-fainali ya Kombe la Dunia na kutuzwa Mwanasoka Bora wa Ulaya. Tangu hapo, wazee na vijana wa Sofia wamebishana ni nani kati yao aliyekuwa bora. Stoichkov aliruhusiwa kuondoka, akaonekana na dunia nzima kwenye televisheni. Asparuhov aliondoka nchini mwake kwa mechi tu, kisha akarudi, na uwanja wenye jina lake uko katika jiji lile lile alimozaliwa.